Sauti Niliyoifuta kwenye Kadi ya Maman Nsimire

Wadogo zangu wa kwaya,

Kabla ya yote mnisamehe mwandiko. Herufi zangu zinapanda na kushuka kama njia za Kadutu, na maneno mengine nimeyaandika vile ninavyoyasikia, maana shule yangu iliishia mwaka wa sita wa msingi. Karatasi hizi zimenichukua wiki tatu. Mwalimu wenu aliniomba nisimame mbele yenu niwaeleze kazi yangu ya zamani, nikamwambia siwezi. Mbele za watu ulimi wangu unakauka. Kuandika ninaweza, polepole.

Najua mtacheka mkisikia mtu wa miaka thelathini na mitatu anasema amestaafu. Chekeni. Sasa ninapaka rangi nyumba za watu, leo Bagira, kesho Panzi, lakini hicho ni kitu ninachofanya tu. Kazi yangu ilikuwa nyimbo. Nilifanya miaka kumi na moja, kisha ikafa mikononi mwangu nikiwa bado kijana. Siku tuliyofunga kibanda, hakuna mteja aliyekuja kulalamika. Mmoja tu alipita, akaona tunang'oa mbao, akauliza kama tunauza misumari.

Kibanda chetu kilikuwa karibu na soko la Kadutu. Ndani kulikuwa na kompyuta moja, spika mbili, na daftari nene. Mtu alileta kadi ya simu, ile ndogo kama ukucha, nasi tukamjazia nyimbo. Kwenye daftari kila wimbo ulikuwa na numero yake. Mteja alipitisha kidole kwenye ukurasa, akasema, "Unipe kumi na ine, makumi munane na munane, na mia mbili na tatu," akakaa kwenye benchi kungoja. Mimi niliipenda kazi kwa ajili ya lile daftari. Mtu akikutajia numero, hakuna mengi ya kumjibu.

Mwenye kibanda alikuwa Papa Mugisho, muzee wa Mudaka, ambaye kabla ya kadi alikuwa amekopi kaseti miaka mingi. Yeye ndiye aliyenifundisha. Kadi ikikataa kusoma, usiitupe. Chukua ufutio wa penseli, sugua taratibu zile sehemu za njano, pulizia, jaribu tena. Kadi kumi zilizokufa, saba zinafufuka hivyo. Ukimpa mtu wimbo, usikilize kwanza mahali patatu: mwanzo, katikati na mwisho. Siku za kwanza nilisikiliza mwanzo tu, na mama mmoja akarudi na wimbo wa ibada ambao katikati ulikuwa umegeuka matangazo ya bia. Alikuwa ameupiga kwenye sala ya wamama, kwa sauti ya juu. Papa Mugisho alinitazama akasema, "Weye unanunuaka muhindi kwa kuangalia majani?"

Lakini fundisho lake kubwa lilikuwa swali. Kabla hujagusa kadi ya mtu, uliza: "Mule ndani kuko kitu ya kukuchungia, isifutwe?" Aliniambia nilitamke kila siku, kwa kila mtu, hata kama ninamjua. Mimi swali hilo lilinishinda. Lilikuwa linanilazimisha kumtazama mteja usoni. Nililiuliza Papa Mugisho alipokuwepo, na alipotoka nililiacha.

Niwaambie jinsi watu walivyosikiliza wakati ule, kwa sababu ninyi hamkuuona. Kulikuwa na mchimbaji mmoja wa Luhwindja aliyeshuka mjini kila baada ya miezi miwili. Alikaa saa nzima na daftari, akachagua nyimbo thelathini, akapanda nazo mlimani ambako hakukuwa na réseau, simu haishiki. Aliporudi, alizijua zote kama watoto wake. Siku moja akaniambia, "Petit, numero makumi sita na moja inakohoa pa couplet ya pili." Nikasikiliza. Kweli, kwenye ubeti wa pili mtu alikuwa amekohoa siku waliporekodi kutoka redioni. Nikamtafutia nyingine safi. Akaisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Hii si yenyewe. Unirudishie yenye kukohoa."

Ninyi mnaandika jina, na wimbo unaanza kabla hamjakaa vizuri. Sisemi ni vibaya. Nami ninafanya hivyo kwenye simu ya mke wangu, na kuna nyimbo ambazo Papa Mugisho na mimi tulizitafuta miaka mitatu, sasa ninazipata nikiwa nimeshika kijiko cha mboga. Lakini ninaona mnavyosikiliza. Wimbo ukikawia kidogo kuingia, kidole kimeshauruka. Na ninaona mnavyofuta: simu ikijaa, mnafuta bila kuangalia, kwa sababu mnajua kila kitu kinarudi. Hapo ndipo ninataka mnisikilize, maana nami nilijua hivyo.

Miaka yangu ya mwisho kibandani, Papa Mugisho alinunua modem. Wimbo uliopotea asubuhi tuliushusha tena kabla ya saa sita. Nikawa mzembe. Zamani nilikuwa na hofu ya kufuta kitu, nilisikiliza kwanza. Baada ya modem nikaacha kusikiliza.

Asubuhi moja Papa Mugisho alikuwa ameenda Mudaka kwa siku chache kupanda maharagwe. Akaja Maman Nsimire. Sikumjua bado. Niliona tu mama wa miaka thelathini hivi, kitenge cha kijani, mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi mgongoni, na wamama wengine wawili wa soko nyuma yake. Aliweka kadi mezani.

"Bonjour, petit. Unijazie nyimbo za kwaya. Siku ya Posho, Jumamosi ya juma lenye linakuya, tunaondoa kilio cha bwana yangu, tumalize matanga yake. Uniwekee zenye kufariji, zenye kulialia sana usiniwekee."

Niliitikia kwa kichwa.

"Unasikia ao hausikii?"

Nikaitikia tena. Mmoja wa wale wenzake akacheka. "Huyu kijana iko na kinywa kweli? Pengine aliiacha nyumbani."

"Mumuache," akasema Maman Nsimire. "Anafanya kazi na masikio." Wakaondoka wakicheka. Alikuwa ameahidi kurudi saa kumi.

Nilifungua kadi. Kulikuwa na nyimbo kidogo za zamani, na chini yake faili tatu zisizo na jina, herufi tu na numero, zile ambazo simu inaziandika yenyewe mtu akirekodi. Nilikuwa nimeona maelfu ya hizo. Ukizifungua unasikia mfuko unasuguana, au watoto wanapiga kelele. Tuliziita takataka. Tena kadi ilikuwa na virusi. Nikaisafisha yote, kisha nikaijaza upya. Kwa kuwa alinitetea mbele ya wenzake, niliona haya kumpa kidogo. Nilimwongezea nyimbo kumi na mbili za bure. Niliijaza mpaka pasibaki nafasi hata ya wimbo mmoja.

Saa kumi alikuja akaichukua. Kesho yake alirudi akikimbia. Hakuwa na wenzake. Alishika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli lenye maji.

"Petit, bwana yangu iko wapi?"

Sikuelewa.

"Bahati. Alikuwa mule ndani. Anaimba. Kwaya yao ya Luhwindja, kanisani, miye mwenyewe nilimurekodi. Haina jina kwa sababu sijuaka kuandika jina mu simu. Iko chini kabisa. Nimetafuta, siioni."

Wadogo zangu, nilijua papo hapo. Nilitazama meza, nikasema jambo ambalo mpaka leo ninalisikia kwa sauti yangu mwenyewe. Nilisema, "Maman, pengine simu njo imekula."

"Simu inakulaka?"

"Kama mutu anabonyeza vibaya."

Machozi yakamtoka. Akasema polepole, kana kwamba anahesabu vidole, "Jana jioni mutoto wangu Neema alikuwa na homa. Alilia. Nikabonyeza-bonyeza nizime muziki." Akaitazama simu. "Basi ni miye. Ni miye nilimufuta."

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Ilikuwa mbele yangu, kubwa kama mlango. Kinywa kilichoshindwa kuuliza swali la kawaida kilikuwa kimeweza kusema uongo, na sasa kilifunga tena. Aliondoka taratibu. Hata hakunilaumu. Alisema aksanti.

Kuhusu yule Bahati nilikuja kujua baadaye. Alichimba dhahabu kwa mikono, na alikuwa anaimba sauti ya juu kwenye kwaya yao. Udongo ulimwangukia shimoni wakati Maman Nsimire alikuwa na mimba ya miezi minne. Neema alizaliwa baba ameshazikwa. Jamaa hawakuwa na uwezo wa kuondoa kilio mapema, ikapita miaka karibu minne. Mama huyu alikuwa ameweka nadhiri: mtoto hatapigiwa ile sauti kwenye simu kama nyimbo za kawaida. Ataisikia mara ya kwanza siku ya kuondoa kilio, mbele ya jamaa, aambiwe, huyu ndiye baba yako. Yeye mwenyewe alikuwa anasikiliza peke yake, akiwa mtoni anafua. Ndiyo maana hakuna mwingine aliyejua faili ile ni nini.

Papa Mugisho alirudi siku ya tano. Nilimweleza kabla hajaweka mzigo chini, kwa sababu nilijua nikimwacha akae nitashindwa.

"Faili ikifutwa haipotei mara moja," akasema. "Inabaki pale, kama mutu amelala. Inapotea ukiweka ingine juu yake. Uliweka?"

"Niliijaza."

"Yote?"

"Yote, Papa. Hata nikamuongeza kumi na mbili."

Alivua kofia, akaiweka juu ya daftari. "Ungemuibia kidogo, tungemupata," akasema.

Hakunifukuza. Nilitamani anifukuze. Alisema tu, "Unajua anakaaka wapi? Haujui. Ulizia soko. Na umwambie kwa kinywa yako, usiandike ka-barua."

Maman Nsimire alikuwa amepanga chumba Cimpunda, juu, mahali ambapo maji ya mvua yanapita kati ya nyumba. Nilimkuta mlangoni anachagua maharagwe kwenye sinia. Neema alikuwa anapanga mawe. Nilisimama. Nilikuwa nimefanya mazoezi njia nzima, na maneno yote yakanitoka. Nilisema tu, "Maman, haikukuwa weye. Ni miye."

Aliendelea kuchagua maharagwe. Nilihesabu mabovu matano aliyoyatupa.

"Siku ile uliniona nalia," akasema.

"Niliona."

"Hizi siku zote nilikuwa namuomba Bahati anisamehe. Nilikuwa namwambia, nilishindwa kukuchunga hata mu simu. Weye ulikuwa unakula? Ulikuwa unalala?"

"Nilikuwa nalala kidogo."

"Kidogo." Aliweka sinia chini. Nilifikiri atanipiga, na ningefurahi. "Sitaki pardon yako. Pardon sitamupigia nayo mutoto. Utamutafuta. Shemeji yangu Murhula, iko Walungu, siku ya maziko nilimutumia ile wimbo simu kwa simu. Enda."

Ilikuwa Siku ya Tano ya juma, Ijumaa, zimebaki siku nane kufika kuondoa kilio. Kesho yake nikawa Walungu. Mimi niliyeogopa kumuuliza mteja swali moja, nilisimamisha watu njiani na kuuliza kwa Tonton Murhula ni wapi. Alikuwa nyuma ya nyumba anakata majani ya ng'ombe, mtu mkubwa mwenye kucheka haraka. Nilimweleza.

"Ile simu? Ah, petit, ile simu ilianguka mu choo, mwaka mbili sasa. Sikuifuata."

Nikakaa kwenye jiwe. Hapo binti yake Esther, wa miaka kumi na minne, akatoa kichwa mlangoni. "Papa, ile ya Tonton Bahati si njo sonnerie yangu?"

"Sonnerie gani?"

"Yenye inalia maman akinipigia! Unaisikia kila siku, masikio yako inakulaka nini?"

Alileta simu yake. Zamani, kabla simu ya baba yake haijaanguka, alikuwa ameuhamishia kwake ule wimbo, akaukata, akabakiza mwanzo tu, ili uwe mlio wa simu. Wimbo mzima aliufuta apate nafasi. Nilizoea kuwadharau watu wa namna hiyo, wanaokata nyimbo vipande. Nilimshika Esther mkono, nikamwomba aupige tena.

Ni sekunde ishirini na mbili. Kwanza benchi linakokotwa kwenye sementi. Mtu anakohoza kusafisha koo. Kisha sauti ya mwanaume, karibu sana, inasema, "Ba-basse, muko tayari ao mungali munakula?" Wale wa besi wanacheka, naye anacheka, cheko fupi la puani. Kisha anavuta pumzi kwa pua, anaanza peke yake: "Bwana, nikishuka chini, unishikie..." Neno linalofuata halipo. Esther alikuwa amekata hapo.

Niliikopi mara tatu, kwenye kadi tatu, nikaweka kila moja kwenye mfuko wake. Nilisikiliza mwanzo, katikati na mwisho.

Siku ya kuondoa kilio nilisimama nyuma ya jamaa, karibu na ukuta. Papa Mugisho alikuwa amezileta zile spika mbili za kibanda. Waliomba, wakasoma Neno, kisha Maman Nsimire akamweka Neema juu ya kiti, amevaa nguo nyeupe. Akasema, "Sikia, ni baba yako." Papa Mugisho akanitazama nibonyeze.

Benchi likakokotwa. Kikohozi. Ba-basse muko tayari. Wamama wa Luhwindja walianza kulia pale alipocheka, si pale alipoimba. Neema hakulia. Alikuwa ametega sikio kuelekea kwenye spika, kama mtu anayeitwa kutoka mbali. "Bwana, nikishuka chini, unishikie..." Ikakatika.

Akangoja. Akamgeukia mama yake. "Kisha?"

Maman Nsimire alikuwa anaujua wimbo wote. Akauendeleza yeye, kwa sauti yake, "unishikie taa, nisipotee," na watu wa kwaya waliokuwepo wakaingia, wakauimba mpaka mwisho, vizuri. Neema alingoja wamalize. Kisha akaonyesha spika kwa kidole.

"Si hawa," akasema. "Yeye."

Maman Nsimire alimpakata. Nilibonyeza tena, akasikia zile sekunde mara ya pili, na ya tatu, na kila mara palipokatika aliuliza vilevile, kisha. Mara ya nne Papa Mugisho akaniwekea mkono juu ya mkono, akazima.

Hiyo ni miaka minane sasa. Papa Mugisho amerudi Mudaka na hasikii vizuri tena. Maman Nsimire tunasalimiana, ananiita kwa jina. Sijui kama amenisamehe na sijamuuliza. Kila mwaka ninapanda Luhwindja mara moja, ninaulizia wale waliokuwa kanisani siku ile, nani alipokea wimbo kwenye simu, simu iko wapi. Wengi wamehama. Simu zimeuzwa, zimevunjika, zimepewa watoto kuchezea. Nimesikiliza kadi nyingi. Nimetafuta pia huko mnakotafuta ninyi, nikaandika maneno yote ya wimbo. Zilikuja nyimbo elfu, zote nzuri, zote kwa haraka.

Neema ana miaka kumi na miwili. Mnamjua, anaimba sauti ya pili katikati yenu, na Maman Nsimire ndiye aliyeniruhusu nimtaje. Zile sekunde ishirini na mbili ziko kwenye simu ya mama yake. Haulizi tena. Lakini akianza wimbo wowote, nimemwona, anavuta pumzi kwa pua kwanza, na hakuna aliyemfundisha.

Basi ninawaomba. Nyumbani kwenu kuna sanduku au sahani yenye simu za zamani ambazo haziwaki. Kuna kadi kwenye chupa ya vifungo. Mko na mashangazi Walungu, wajomba Luhwindja, watu waliowahi kuwa na simu miaka ile. Waulizeni. Kadi isiposoma, sugueni kwa ufutio kama nilivyoeleza. Mkikuta faili zisizo na jina, zisikilizeni zote mpaka mwisho, hata zile za mfuko unaosuguana. Mtaijua kwa benchi linalokokotwa, na mtu anawatania ba-basse.

Mkiipata, msiisafishe, msiikate. Na mkiikosa, niandikieni vilevile mlitafuta wapi, ili mahali hapo nipafute kwenye orodha yangu. Mpeni mwalimu wenu karatasi, yeye anajua ninapopaka rangi wiki hiyo.